Ukuta Usio na Mwenyewe

Jina la Fundi Mkono alipewa na watu, lakini kazi ya kulieneza aliifanya mwenyewe. Ukitembea naye mtaani, atakusimamisha mbele ya jengo fulani, atautazama ukuta, kisha atanyamaza akingoja umuulize. Usipomuuliza atakujibu vilevile.

"Mkono wangu ule," atasema. "Mimi nikimaliza ukuta, nzi akitua anateleza."

Na haki ya mtu ni haki yake: alikuwa fundi kweli. Kuta zake zilikuwa laini, zimenyooka, hazina doa wala wimbi. Shida ni kwamba alilijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, akawa halisahau hata akiwa usingizini. Kila alipomaliza kazi, plasta ikiwa bado mbichi, aliinama kwenye kona ya chini na kubonyeza dole gumba lake la kulia. Ndiyo sahihi yangu hiyo, alisema. Wenye nyumba waliizoea, wengine wakawa wanawaonyesha wageni.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza dole la shemeji yake liko wapi.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa mkewe, wa mwisho kuzaliwa kwao, ingawa sasa naye alikuwa baba wa watu. Miaka nenda rudi walikuwa wakifanya kazi pamoja. Yeye ndiye aliyechanganya chokaa na mchanga, akapiga tabaka la kwanza, na siku hizi hata la mwisho waligawana nusu kwa nusu. Lakini wakienda kazini, Fundi Mkono alitangulia mbele na mwiko wake umefungwa kitambaa safi, na shemeji alifuata nyuma na ndoo zote mbili, karai na ngazi. Mtu asiyewajua angedhani ni mgeni rasmi na mbeba mizigo wake.

Asubuhi walipoanza kazi ya ukumbi wa Daktari, shemeji alitua ndoo chini, akajifuta jasho, akasema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa.

"Shemeji, hii ndiyo kazi yetu ya mwisho. Kuna mkandarasi ameniita. Ukuta huu ukikauka, nahamia kwake."

Fundi Mkono alisimama na mwiko mkononi. "Amekupa nini ambacho mimi sikupi?"

"Ukuta," shemeji akasema. "Ameniambia nitakuwa na kuta zangu."

Kwa Fundi Mkono, kumpoteza mtu huyu hakukuwa jambo la mchezo. Alimpenda, ingawa hilo hakuwahi kumwambia, na hakuwa na uhakika kama anaweza kufanya kazi siku nzima bila kusikia utani wake. Alitaka kusema: usiende. Mdomo wake ukasema: "Nenda salama. Mimi nilikuwa fundi kabla yako." Halafu akageuka kuutazama ukuta kwa umakini mkubwa, na ukuta wenyewe ulikuwa matofali matupu.

Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala la magodoro. Mwenye nao alikuwa mama mmoja, daktari wa meno aliyestaafu. Baada ya kuwachungulia watu midomoni maisha yake yote alikwenda kujifunza Zen, yaani kukaa kimya na kuitazama akili inavyohangaika, na sasa alitaka kuwafundisha wenzake. Alikuwa mcheshi, mwenye magoti mabovu, na alijivunia sana mito ya kukalia aliyoishona kwa mkono wake. Mtu akiusifia ukumbi bila kuigusia mito, alionekana kukosa raha.

"Ukuta mrefu huu ndio kila kitu," aliwaeleza. "Watu watakaa wakiutazama, macho nusu wazi. Nataka usiwe na kitu. Kusiwe na mstari, wala doa, wala mahali pa kuonyesha nani aliishia wapi. Akili ikipata hata kinukta inaanza kujitungia hadithi."

"Umefika kwa mwenyewe," alisema Fundi Mkono. "Utapata ukuta kama maziwa. Kitakachokuwepo ni dole langu tu, hapa chini konani."

"Dole la nini?"

Akamweleza. Daktari akatikisa kichwa.

"Hapana, Fundi. Ukibonyeza dole hapo, watu watakaa mwaka mzima wanakutazama wewe."

Fundi Mkono akalifikiria jambo hilo kwa uaminifu kabisa. "Sasa hapo ubaya uko wapi?" akauliza.

Shemeji, aliyekuwa akikoroga chokaa, akakohoa ndani ya ndoo.

Daktari hakukasirika. Alivuta mto mmoja, akaupigapiga ili uonekane vizuri, akauweka mbele ya matofali. Tabaka la kwanza lilikuwa likingoja kushika upande wa pili, na fundi hana la kufanya wakati plasta inashika ila kungoja. "Kaa hapa," alisema. "Unasema mkono wangu, ukuta wangu, dole langu. Mtafute huyo mwenye hivyo vitu. Ukimpata, mlete nimwone, na dole abonyeze."

"Nimtafute wapi? Si ndiye huyu?"

"Basi itakuwa kazi rahisi. Kaa."

Akakaa. Kwanza alilikuta goti la kushoto, linauma. Akauliza: hili ndilo mimi? Hapana, hili ni goti, lilianza kuuma tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la kupigia plasta. Akasogea mbele akaikuta njaa. Nyuma ya njaa kulikuwa na sauti ya mkewe ikimkumbusha mlango wa jikoni usiofungika. Nyuma ya sauti kulikuwa na wimbo wa tangazo la sabuni. Kila alipodhani sasa anamfikia mwenye nyumba, alikuta mpangaji mwingine. Alihangaika humo ndani mpaka kijasho kikamtoka, na yule Fundi Mkono mwenyewe, aliyesifiwa mtaa mzima, hakumwona.

Alipoinuka alikuwa ameduwaa. Lakini mtu wa namna yake haduwai sana. Hadi anafika nyumbani, lile bumbuwazi lilikuwa limegeuka kuwa ushindi.

"Umimi ni kiinimacho tu," alimtangazia mkewe kabla hajavua viatu. "Nimeutafuta, haupo. Daktari anasema wengine huchukua miaka. Mimi nimeumaliza asubuhi moja."

Mkewe alikuwa akikunja nguo. Nyumba yao, niseme hapa, ilikuwa na kuta za matofali matupu ndani na nje. Tangu waoane alikuwa akiahidiwa plasta. Kwa sababu hiyo hakuwa na hamu hata kidogo ya kwenda kutazama kuta za watu wengine, na kila mumewe alipoanza na mkono wangu, yeye alikumbuka jambo jikoni.

"Kwa hiyo haupo?" akauliza.

"Sipo. Hakuna mtu humu."

"Sawa. Basi asiyekuwepo akanitolee taka nje, halafu aje anieleze kama amemwambia mdogo wangu abaki."

Fundi Mkono akajikuna shingo. "Nani amwambie, na mimi nimekwambia sipo?"

Mkewe akaiweka nguo chini. "Aha. Kumbe umimi umeondoka, kiburi umekiacha kilinde nyumba."

Akatoa taka. Njiani kurudi alisimama na pipa tupu mkononi, akajaribu maneno kwa sauti ndogo: shemeji, nakuomba usiende. Yalikuwa maneno mepesi, lakini aliyaacha hapo hapo nje akaingia ndani. Kumwomba abaki kulikuwa sawa na kukiri kwamba zile kuta hakuzifanya peke yake.

Siku ya tabaka la mwisho walianza mapema, kabla jua halijapata nguvu ya kukausha upande wa mlangoni. Ukuta mrefu namna ile hauna huruma. Ukiuanza huwezi kusimama, kwa maana pale utakapopumzika patakauka kabla ya sehemu nyingine, na mstari utabaki hapo milele. Mmoja akaanzia mlangoni na mwingine mwisho wa ukumbi, wakawa wanakuja wakikutana. Walipokutana katikati hawakusimama. Walipishana, kila mmoja akapita juu ya kazi ya mwenzake, akiminya na kulainisha, kisha wakarudi wakapishana tena. Mkono ulizunguka kwanza, halafu ukashuka chini ukisukumwa na kiwiko. Miiko ililia kwa sauti moja. Kwa muda mrefu Fundi Mkono hakuwaza kitu chochote, wala sifa, wala goti. Kulikuwa na plasta tu inayotaka kulainishwa, na ikalainishwa.

Walipomaliza alirudi nyuma akautazama. Haukuwa na kitu. Ulikuwa mweupe, umetulia, kama maji ndani ya beseni.

Shemeji akabeba ndoo akatoka kwenda kuziosha. Na hapo, nasikitika kusema, yule asiyekuwepo akarudi mbio. Fundi Mkono alitazama kushoto, akatazama kulia, akajinong'oneza kwamba chini pale kwenye kona ya mlangoni mto utafunika na hakuna atakayejua. Plasta ilikuwa imeshaanza kushika. Akainama, akabonyeza. Kisha akatoka nje kumwita Daktari aje aone, akiwa na uso wa mtoto aliyelamba sukari.

Ukuta wa chokaa haukauki kwa haraka, na safari hii Fundi Mkono aliushukuru kwa hilo. Walifanya vibarua vidogo vidogo huku na huku, na kila jioni alipitia ukumbini kuugusa kwa nyuma ya kiganja, pale katikati, kwani konani Daktari alikuwa amekwisha kurundika mito. Ukiwa na ubaridi, alifurahi. Sidhani kama amewahi kutokea fundi mwingine aliyeomba ukuta wake usikauke. Lakini ukuta hausikilizi maombi ya namna hiyo. Jioni moja kiganja hakikuhisi ubaridi wowote, akarudi nyumbani akala bila kusema mkono wangu hata mara moja, mpaka mkewe akamshika paji la uso akidhani ana homa.

Daktari akafungua ukumbi Jumapili asubuhi. Walikuja watu wa kila aina: mwuza miwani, mwalimu wa hesabu, bibi mmoja na mkwewe waliokuwa hawaelewani na wakaja kutafuta amani kila mmoja kwa upande wake. Fundi Mkono alialikwa pamoja na mkewe, na shemeji alikuja amevaa shati jipya. Kesho yake alikuwa aanze kwa mkandarasi.

Watu walikuwa wakichagua mito na kuisifia, na Daktari amejaa furaha. Fundi Mkono akajongea hadi kona ya mlangoni, akausogeza mto kwa ncha ya kiatu, akachungulia.

Hapakuwa na kitu.

Akapiga magoti. Akapitisha vidole. Akaegemeza shavu ukutani akatazama kwa pembeni, kama afanyavyo fundi anapotafuta wimbi. Ukuta ulikwenda zake mweupe mpaka mwisho. Akadhani amekosea kona, akatambaa kuelekea ile nyingine, akiwapita watu waliokwisha kukaa, akimwomba radhi huyu na kumkanyaga yule kanzu.

"Fundi," Daktari aliita taratibu, "unatafuta nini?"

Alikuwa amechanganyikiwa kiasi cha kusema kweli. "Najitafuta mimi, Daktari. Nilikuwa hapa kwenye kona, sasa sijioni."

Mwalimu wa hesabu akacheka, na wengine wakamfuata, ila Daktari alikunja mikono kifuani akamtazama kwa upendo wa dhati. "Wengine hukaa miaka kabla ya kulifikia swali hilo," aliwaambia wanafunzi wake. Alidhani ni somo.

Fundi Mkono hakumsikia. Alikuwa amemwona shemeji yake. Shemeji alikaa kwenye mto amefumba macho kwa nguvu kupita kiasi, na mabega yalikuwa yakitikisika.

"Ni wewe," Fundi Mkono alisema.

Shemeji akafumbua macho, ana machozi ya kicheko. "Mama wa watu alisema hataki kitu ukutani, shemeji. Niliporudi na ndoo nikaliona. Nikalifunika."

"Lakini plasta ilikuwa imeshashika."

"Ilikuwa imeshika, ndiyo."

"Ikishashika, ukigusa inaacha baka. Hakuna mtu anayeweza kuifunga isionekane. Ni mimi tu..." Hapo Fundi Mkono akakwama. Akaugeukia ukuta. Akarudi kwenye ile kona, akapiga magoti tena, akautazama kwa shavu, kwa kucha, kwa kiganja, na sasa hakuwa akitafuta dole lake. Alitafuta alama ya aliyelifunga, na hiyo pia haikuwepo. Akasimama akautazama ukuta wote. Alijaribu kukumbuka ni wapi aliishia yeye na wapi alianzia shemeji. Mtu aliyejidai kuujua mkono wake hata gizani, alisimama mchana kweupe mbele ya kazi yake mwenyewe, asijue kipande chake ni kipi.

Aibu ilimpanda, lakini nyuma ya aibu kulikuja kitu chepesi, kama mtu anayeshusha mzigo aliousahau kichwani.

"Siuoni mkono wangu," alisema, na kila mtu akasikia. "Na wako siuoni. Kila mahali ni sawasawa."

Kabla shemeji hajajibu, mkewe Fundi Mkono alisogea. Tangu alipoingia alikuwa amesimama katikati ya ukumbi akiutazama ukuta, yeye ambaye kuta za mumewe zilimchosha hata kuzisikia. Aliweka kiganja kwenye plasta, akakishusha polepole mpaka chini.

"Mnagombea ukuta wa wenyewe," alisema. "Huu ni wa baba."

"Baba gani?" shemeji akauliza.

"Una baba wangapi? Chumba chetu cha kulala, kabla nyumba haijauzwa. Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Nilikuwa nalala nimeutazama ukuta wake, mwanga unashuka hivi, hausimami popote. Alikuwa anazungusha kwanza, halafu anashusha kwa kiwiko. Mama alimwambia anaukanda kama unga." Kiganja chake kilibaki ukutani. "Sijauona tena mpaka leo."

Shemeji aliinuka. Baba yao alifariki yeye akiwa bado anasoma, hajawahi kushika mwiko, na alichobaki nacho kwa mzee ni picha moja na harufu ya chokaa. Akamtazama Fundi Mkono. "Wewe uliniambia mzee alikupa kazi tu. Ulisema mkono ulikuja nao."

Fundi Mkono angeweza kupona kwa njia nyingi. Angeweza kusema sikumbuki, au kulaumu goti. Aliutazama ukuta, na kwa kuwa ndani yake hapakuwa na mtu wa kumtetea, akasema kweli.

"Nilikuja kwake sijui hata mwiko unashikwa upande gani. Alinishika kiwiko hiki hapa, akanisukuma kama mtoto anayefundishwa kuandika. Kila kitu ni chake. Nilikificha kwa sababu ningekisema nisingebaki na kitu." Akamgeukia shemeji. "Sasa nimekisema, na naona nipo vilevile. Shemeji, mimi nilikupitishia tu kilicho chenu. Nakuomba usiende. Na kama lazima uende, nenda ukijua huo mkono umeupata kwa baba yako."

Shemeji alisogea hadi kwa dada yake, akaweka kiganja ukutani karibu na cha kwake, akakishusha kama alivyokishusha yeye. Alirudia tena, polepole zaidi, akifuata njia ya mkono aliyoijua siku zote bila kujua ni ya nani. Yule bibi na mkwewe waliokuja kutafuta amani walijikuta wanagawana leso.

Daktari, ambaye hotuba yake ilikuwa bado mfukoni, aliona haina kazi tena. Akapiga kengele ndogo. "Tukae," alisema.

Wakakaa, wote watatu kwenye mstari mmoja, wakautazama. Fundi Mkono alikaa bila kusogea, na safari hii hakuwa akimtafuta mtu. Goti liliuma, likaendelea kuuma, lisimhusu sana.

Baadaye mlangoni Daktari alimshika mkono akamshukuru kwa ukuta, akamwuliza ameionaje mito. Akaisifia mito. Zile ndoo mbili, pamoja na mwiko wa Fundi Mkono katika kitambaa chake, zilikuwa zimebaki nyuma ya mlango tangu jioni ile ukuta ulipokauka, na mkewe akakumbusha zichukuliwe. Shemeji aliinama kuzibeba kama kawaida yake, akakuta mkono wa mtu mwingine umeshatangulia kwenye vishikio.

"Acha," alisema Fundi Mkono. "Wewe beba mwiko."

Wakashika njia, shemeji mbele, Fundi Mkono nyuma ndoo zikimgonga magoti, na mkewe katikati akijitahidi asicheke. Walipofika katikati ya njia, Fundi Mkono akashindwa kuvumilia.

"Lakini lazima mkubali," alisema, "ni watu wachache sana wanaoweza kuuacha umimi mbele ya ukumbi mzima kama nilivyouacha mimi."

"Tumekubali," mkewe akasema. "Angalia shimo hapo mbele."

Shemeji aliendelea kutembea, akiugeuzageuza ule mwiko ndani ya kitambaa chake. Karibu na kona ya nyumbani, pale ambapo kila mmoja hushika njia yake, akasimama.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "kesho tunaanza wapi?"

Fundi Mkono akaziweka ndoo chini. Akaangalia nyumba yake kule mbele, matofali yake matupu yaliyosubiri tangu harusi.

"Pale," akasema. "Chumba cha kulala cha dada yako."